Kichuguu kinaicheka nyumba yako

*Shikamoo mzee. Nyumba yangu hapa Ng'ambo, Tabora, inachemka hadi usiku wa manane. Ninunue kiyoyozi cha ukubwa gani?*

Marahaba. Kila kiangazi ni swali hilihili, na hakuna anayeniambia madirisha yake yanatazama wapi. Yako nadhani yanatazama machweo, kwa kuwa barabara iko huko na ulitaka wapita njia waone vioo. Weka kiyoyozi pembeni. Toboa matundu ya hewa juu ya dari, pande mbili, uyazibe kwa wavu popo wasihamie. Upande wa magharibi panda mwembe. Mtu wa Tabora kukosa mwembe ni kujitakia.

Harare kuna jengo la Eastgate, lililofunguliwa 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, alijifunza kwa mchwa. Usiku feni huingiza hewa baridi, zege na matofali yakapoa. Mchana zege na matofali hayohayo hulimeza joto, na hewa ya moto hupanda ikatokea juu ya paa. Baadaye watafiti walisema kichuguu chenyewe hakifanyi kazi kama dohani, kinafanana zaidi na pafu. Sawa, ila wapangaji wa Eastgate hawajaanza kutoka jasho kwa habari hiyo. Nasi usiku wa kiangazi tuna ubaridi wa bure, tunaufungia nje. Nenda Kwihara, kwenye tembe la Livingstone, ushike ukuta ule mnene wa udongo saa nane mchana, halafu urudi kwako ushike wa tofali moja.

*Nikijenga nyumba ya duara kama kichuguu, itapoa?*

Hapana. Umeiga tumbo, umesahau pua.

*Mwanangu wa Kigoma anabisha kwamba Wajapani waliiga ndege kutengeneza treni. Kweli?*

Kweli, mwombe radhi. Treni zao za kasi zilikuwa zikitoka mahandakini kwa kishindo. Mhandisi Eiji Nakatsu, mpenzi wa ndege, akakumbuka mdiria, yule ndege mla samaki, anavyoingia majini bila kurusha maji, akaichonga pua ya treni kama mdomo wake. Ikaanza kazi 1997. Mpeleke mtoto ziwani, wadiria wapo.

*Kiwanja changu kina kichuguu. Fundi anataka udongo wake afyatulie tofali.*

Udongo ni mzuri, uchanganywe na mchanga usipasuke. Kuni za kuchomea je? Miombo inaisha kwa matanuri yenu, na nyuki wanahama nayo. Chimba hadi umpate malkia, na mbao za kenchi zipakwe dawa kabla hazijapanda juu. Mchwa ndio wenye kiwanja, nao hurudi.