Usivue Miwani kwa Sababu ya Filamu

Nikiwa na miaka 15 niliacha kuvaa miwani kwa wiki mbili. Hakuna daktari aliyeniambia. Nilikuwa nimetazama She's All That, ile ya mwaka 1999 ambamo msichana anayedharauliwa shuleni anavuliwa miwani, anatindwa nyusi, anakatwa nywele, kisha anashuka ngazi taratibu huku mvulana aliye chini akibaki kaduwaa. Nikajisemea: kumbe tatizo langu ni miwani!

Mimi ngazi sikuzishuka taratibu. Mbili za mwisho sikuziona kabisa. Darasani nilinakili ubao kwa kubahatisha. Siku ya nne nilimpungia mkono kwa mbwembwe mtu niliyedhani ni shoga yangu, kumbe ni mwalimu wa zamu. Katika siku zote hizo, mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyegundua kuwa nimebadilika, naye aliniuliza kama nimeibiwa miwani.

Bado nazipenda filamu hizi za vichekesho vya shule ya sekondari, wala sitamkataza mtu kuzitazama. Asiyejiamini anahitaji kucheka kuliko mtu yeyote. Ila kuna mambo ambayo natamani mtu angeninong'oneza mapema.

Kubwa kuliko yote ni umri wa waigizaji. Stockard Channing alicheza mwanafunzi katika Grease ya mwaka 1978. Walipokuwa wakirekodi alikuwa na miaka 33. Katika Mean Girls ya mwaka 2004, Rachel McAdams, malkia wa shule, amemzidi Lindsay Lohan, anayecheza mwanafunzi mwenzake, miaka 7 na ushee. Amy Poehler, anayecheza mama mzazi wa huyo malkia, naye amemzidi McAdams miaka 7 tu! Mimi huku nikisimama mbele ya kioo kulinganisha chunusi zangu na ngozi ya mtu mzima aliyepambwa na kumulikwa na mafundi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ningeshindaje?

Halafu, mtazame vizuri huyo anayevuma. Mean Girls ilitokana na kitabu cha Rosalind Wiseman cha mwaka 2002, ambacho si hadithi bali ni mwongozo kwa wazazi kuhusu makundi ya wasichana, kwa hiyo utani wake una mizizi. Kuna mahali wasichana watatu wanaoogopwa shule nzima wanajipanga mbele ya kioo na kuanza kuikosoa miili yao, huku mgeni wao akishangaa. Nilipoitazama mara ya kwanza sehemu hiyo ilinipita. Macho yangu yalikuwa kwenye nguo zao.

Ukitazama na kijana, usisimamishe filamu kila dakika ili umpe somo. Nimewahi kufanya hivyo na mtoto wa dada yangu. Alichukua simu yake akahamia chumbani. Safari iliyofuata tulitazama Eighth Grade ya mwaka 2018. (Ina sehemu nzito, itazame kwanza peke yako.) Elsie Fisher aliicheza akiwa na miaka 14, na chunusi zake hazikufichwa. Katikati binti akasema, "Mama mdogo, huyu ana uso kama wangu." Nilikuwa na hotuba nzima tayari mdomoni. Nikaimeza, tukaendelea kutazama.

Ilipokwisha aliniomba nimwonyeshe picha yangu ya enzi zile. Nikamletea ile ambayo miwani imefunika nusu ya uso. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi, kisha akaiangalia tena kwa makini.

"Hizo fremu ulichaguliwa?"

"Nilichagua mwenyewe."

"Mama mdogo!"

"Na nilizipenda," nikamwambia.

Akaipiga picha kwa simu yake. Sasa ndiyo anayoiona kila nikimpigia.