Jibu: Nesi wa mikataba ya wiki 13, ninunue trela?

Dada, umeuliza kama nesi wa mikataba ya wiki 13 huko Marekani anaweza kuishi kwenye trela, yaani kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, badala ya kupanga nyumba kila anapohamia. Anaweza, tena nakuunga mkono kabisa. Ila anza na kodi. Posho ya nyumba haikatwi kodi pale tu unapokuwa bado na makazi ya kudumu unayoyagharamia kwingine. Ukiachana nayo, trela likawa ndiyo kwako, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, itakuhesabu huna makao ya kudumu kikodi na posho yote itatozwa kodi. Tafadhali muone mhasibu kabla hujasaini.

Halafu baridi. Mkataba ukikupeleka Minnesota Januari, mpira wa kawaida wa maji utaganda usiku huohuo. Nunua wenye waya wa kupasha joto, na uzibe chini ya trela upepo usipite. Valvu ya tangi la choo iache imefungwa mpaka likaribie kujaa. Ikikaa wazi, maji hutangulia na uchafu hugandamana ndani, kuutoa ni kazi kweli.

Nafasi ya kuegesha itafute mapema kwa simu. Baadhi ya kambi za kuegesha trela hazipokei trela lililozidi miaka 10.