Kilo tatu za wiki ya kwanza bila wanga: nilipitia hapo

Mkuu, umeuliza kama kilo 3 ulizopungua ndani ya siku saba tangu uache wanga ni mafuta, na kwa nini kichwa kinagonga na miguu imekuwa mizito. Nimepita njia hiyohiyo, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu. Sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji.

Piga hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama kalori 7,700, kwa hiyo kilo tatu ni zaidi ya 23,000. Watu wazima wengi hutumia kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Hata ungekaa wiki nzima bila kutia kitu mdomoni usingefika huko, na wewe ulikuwa unakula.

Maji yametoka wapi basi? Chukua kipande cha mkate ukitafune polepole bila kumeza, dakika moja hivi. Utasikia utamu unaanza kuja. Hicho ni kimeng'enya cha mate kinachoitwa amilesi, kinakata minyororo ya wanga kuwa sukari ndogondogo. Kazi inamaliziwa kwenye utumbo mwembamba, glukosi, ndiyo hiyo sukari ndogo kabisa, inaingia kwenye damu, kongosho linatoa insulini, na insulini inazifanya seli za misuli na za mafuta ziipokee. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, akiwa hajala, ina glukosi gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai! Inayozidi lazima itunzwe mahali. Ini huweka akiba ya kama gramu 100 na misuli kama 400, ikiwa glikojeni, na kila gramu ya glikojeni hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ukiacha wanga akiba inaliwa na maji yake yanakwenda chooni. Hapo tu unakaribia kilo mbili. Halafu insulini ikishuka, figo huachia chumvi zaidi, na chumvi haitoki bila maji. Maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo mara nyingi yanaanzia hapo.

Mimi sikuyajua haya. Wiki ya kwanza nilipungua kilo mbili na nusu, nikawa napima asubuhi na jioni kwa furaha. Siku ya nane nilishindwa kumaliza ngazi za ghorofa tatu bila kusimama, nikarudia wali na viazi. Baada ya siku mbili mzani ukapanda kilo moja na nusu. Niliumia sana. Niliamini mwili wangu una kasoro, nikajinyima tena kwa hasira. Nilizunguka hivyo miezi minne, nashusha maji, napandisha maji, na mkanda wa suruali uko tundu lilelile. Laiti mtu angeniambia mapema kwamba ile kilo moja na nusu ilikuwa akiba inajaa upya!

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hulipita haraka. Glikojeni ya misuli haiwezi kurudi kwenye damu kuwa glukosi, kwa kuwa misuli haina kimeng'enya cha kuiachia. Inatumika palepale ilipo. Ndiyo maana miguu yako imechoka kwa namna yake na kichwa kwa namna yake. Sukari ya damu kati ya mlo na mlo inalindwa na ini, na ubongo peke yake hutaka kama gramu 120 za glukosi kwa siku. Ukifunga kula, akiba ya ini inakaribia kwisha ndani ya siku moja. Ini huanza kutengeneza glukosi kutoka kwenye amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, na baadhi ya hizo zinaweza kutoka kwenye misuli yako mwenyewe. Asidi za mafuta zenyewe haziwezi kugeuzwa glukosi. Ini huzigeuza kuwa ketoni, nishati mbadala ya glukosi, na ubongo huchukua siku kadhaa kuanza kuzitegemea. Kwa hiyo ukiamua kuendelea, usipunguze protini, na usiache mboga: nyuzinyuzi zake hatuzimeng'enyi sisi, bakteria wa utumbo mpana ndio wanaozila.

Ushauri wangu: pima kiuno kwa futi ya kitambaa leo, kisha baada ya wiki nne, saa ileile ya asubuhi. Mimi nilirudisha wanga wa nafaka nzima na maharage, nikapunguza kiasi, na mkanda ukasogea tundu moja baada ya wiki sita, ingawa mzani haukubadilika sana.

Hukusema kama unatumia dawa yoyote. Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya kisukari, kuacha wanga ghafla kunaweza kushusha sukari hadi ukaanguka. Mpigie daktari wako leo kabla ya mlo unaofuata.