Kunywa maziwa hakutoi madini ya risasi mwilini: jibu kwa anayesubu chubwi nyumbani

SWALI: Fundi habari za kazi. Mi ni mvuvi wa mshipi, chubwi (vile vizito vya risasi vya kuzamisha ndoano) zinaninasia kwenye mawe kila siku nikaona bora nisubu mwenyewe, yani niyeyushe risasi niimimine. Nimetengeneza kalibu mbili za kuipa umbo, moja ya plasta na nyingine nimechonga kwenye kipande cha alumini. Ya plasta risasi inaruka nikimimina, ya alumini chubwi inatoka na mikunjo mikunjo na haijai vizuri. Nayeyushia jikoni kwenye sufuria ya zamani ya alumini. Nakosea wapi? Alafu kuna jamaa kanambia nikimaliza ninywe maziwa nusu lita sumu yote inatoka, ni kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Nianze na kalibu maana hizo hazina maneno mengi.

Plasta yako ina maji. Najua utasema imekaa juani siku tatu na ukiigusa ni kavu, lakini plasta ikishaganda inakuwa imeyashika maji ndani yake kabisa, hayo hayatoki kwa jua wala kwa upepo, yanatoka kwa kuoka moto masaa mengi. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, maji yanachemka kwenye 100, sasa tone likikutana na risasi ya moto linageuka mvuke palepale na ule mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya lile tone, na pa kutokea ni hapo hapo ulipomiminia, yani usoni kwako. Hiyo unayoiona inaruka ni kidogo. Achana na plasta. Na usitumbukize kitu chochote chenye unyevu kwenye risasi iliyoyeyuka, iwe chubwi ya zamani iliyotoka majini au upawa uliosuuzwa sasa hivi, vyote viache vikauke na vipate joto pembeni ya moto kwanza.

Ya alumini ni nzuri ila unaisubia ikiwa baridi, risasi inaganda kabla haijafika kwenye kona ndo mana inakunjana. Ipashe moto. Zile tano sita za mwanzo usizihesabu, zirudishe zikayeyuke tena. Ndani ipitishe juu ya mshumaa ishike masizi membamba, inajaza vizuri na chubwi inatoka bila kugongwa. Alafu kwenye nyuso zinapokutana kwaruza vinjia vya hewa vyembamba kama unywele, hewa isipotoka risasi haiingii, na ukimimina acha kilima kidogo pale mdomoni kwa sababu risasi ikiganda inanywea. Ukiona chubwi inatoka na uso kama ukungu mweupe ujue sasa kalibu imezidi moto, ipumzishe.

Sufuria ya alumini itoe. Alumini ikipata moto mkali inalegea kabla hata haijayeyuka, siku moja kitako kinaachia na kilo mbili za risasi zinakumwagikia miguuni. Tumia chombo cha chuma kizito.

Sasa maziwa. Hili swali naulizwa mpaka nachoka, na wanaouliza sio vijana peke yao, hata mafundi wenye miaka mingi kazini utakuta anafuta jasho, anafungua maziwa anakunywa na mikono ile ile, alafu anaamini yuko salama. HAPANA ndugu yangu. Maziwa hayatoi risasi mwilini. Kilichofanya watu waamini ni kwamba mtu mwenye njaa au aliyepungukiwa chokaa (kalsiamu) na madini ya chuma mwilini tumbo lake linafyonza risasi zaidi, kwaiyo kula vizuri kabla ya kazi kunasaidia kidogo. Basi, hapo ndo mwisho wake. Ile uliyoivuta kwa pua haipiti tumboni, inatoka kwenye mapafu inaingia kwenye damu, maziwa yanaikuta wapi? Na iliyokwisha kuingia kwenye damu inachukua kama mwezi mzima ipungue nusu, na nyingine mwili unaidhania ni chokaa unaipeleka kwenye mifupa, huko inakaa miaka 10, 20 na zaidi. Hakuna kinywaji cha kuitoa huko.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu anayeamini maziwa anakuwa anaogopa kitu kisichokuwa chenyewe. Watu wanaogopa moshi. Moshi unaouona ni mafuta, rangi na uchafu unaoungua, risasi yenyewe ikiwa kwenye nyuzi 350 mpaka 400 inatoa mvuke kidogo tu, ukiipeleka kupita 500 ndo inakuwa hatari kubwa na hapo wala huioni wala haina harufu ya kukustua. Kitu kinachowaumiza wengi ni ule utandu wa kijivu unaoukwangua juu ya sufuria. Ukipoa unakuwa unga, unaruka, unakaa kwenye nywele, kwenye shati, chini ya kucha. Niliwahi kuchukua kitambaa cheupe nikakilowesha nikafuta simu yangu baada ya kazi, simu niliyokuwa naiona safi kabisa, kitambaa kikatoka kijivu. Hiyo simu nilikuwa nimetoka kuiweka sikioni, na jioni ingechezewa na mtoto. Tangu siku hiyo simu haiingii kwenye eneo la kusubia na nguo za kazi hazifiki nyumbani.

Kwaiyo jikoni toka leo, hata dirisha likiwa wazi. Subia nje kwenye upepo, upepo uwe mgongoni kwako, miwani, glavu za ngozi, viatu vya kufunika mguu. Kitambaa cha puani hakizuii kitu, inatakiwa maski yenye kichujio cha vumbi la metali. Usifagie pakavu, futa kwa kitambaa kibichi risasi ikishapoa kabisa. Utandu uweke kwenye kopo lenye mfuniko. Usile wala kuvuta sigara hapo, nawa kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine.

Na jambo ambalo hukuuliza ila najua litakuja, maana risasi ikiisha mtu anakimbilia betri za gari. USIGUSE. Mbali na asidi, ndani mna vumbi la risasi baya kuliko chochote na vitu vingine vinavyotoa gesi za sumu. Thiaroye-sur-Mer kule Senegali, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 kwa sababu ya udongo wa mahali watu walipokuwa wanavunja betri.

Kuna na hawa wauza dawa za kusafisha damu. Dawa za kweli za kutoa risasi zipo, zinatolewa hospitali, baada ya kipimo cha damu, na hazifai kitu kama mtu bado anarudi kwenye vumbi lile lile. Hizo za chupa zisizo na jina zingine zimepimwa zikakutwa na risasi ndani yake! Mtu anauziwa sumu ili atoe sumu.

Wewe ushayeyushia jikoni, kwaiyo kapime damu, na kama nyumbani kuna mtoto mdogo au mjamzito wao watangulie. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto anaumia akili kabla hujaona dalili yoyote. Mwambie daktari wazi kwamba unayeyusha risasi, maana dalili zake ni tumbo kusokota, kukosa choo, kichwa, uchovu, asipoambiwa atatafuta magonjwa mengine. Na ile sufuria isirudi kupikiwa hata ukiisugua namna gani, itoboe kitako.