Massawa: Kilichoshindikana 1977 kiliwezekanaje 1990?

SWALI: Nasikia EPLF, wapigania uhuru wa Eritrea, waliushambulia mji wa Massawa, pwani ya Eritrea, uliokuwa mikononi mwa Ethiopia, mara mbili, na mara ya kwanza wakashindwa. Mara ya pili kulibadilika nini? Na je, vita viliishia hapo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Tuanze na ramani. Massawa ni vipande vitatu: bara, kisiwa cha Taulud, na kisiwa cha Massawa chenyewe, iliko bandari. Vimeungwa kwa matuta mawili ya barabara yaliyojazwa baharini. La kutoka bara hadi Taulud ni refu, kama kilomita moja. Wewe wa Mombasa, likumbuke tuta la Makupa la kuingia Mombasa, kabla ya daraja jipya, kisha weka bunduki za rashasha upande wa kisiwani.

Desemba 1977 wapiganaji waliteka sehemu kubwa ya bara, wakakwama Salina, kwenye mashamba ya chumvi. Pale hapana mti wala jiwe la kujibanza. Mtu anajikokota kwenye tope na maji ya chumvi huku meli za kivita za Ethiopia zikimpiga kutoka baharini, naye hana silaha ya kuzifikia. Ujasiri haukupungua, kilichokosekana ni mizinga.

Mizinga na vifaru walivipata Machi 1988, walipolishinda jeshi la Ethiopia katika mji wa Afabet. Baharini nako wakaunda kikosi cha boti ndogo za kasi zenye silaha. Tarehe 8 Februari 1990 wakashambulia nchi kavu na baharini kwa pamoja, wakaikata barabara ya Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ili msaada usishuke. Bara likaanguka kwanza. Kisha vifaru vikaingia kwenye tuta, vimefuatana kwa sababu hapana pa kukwepea: cha mbele kikipigwa, cha nyuma kinaziba pengo. Vifaru vitatu vimesimamishwa Taulud kuwa ukumbusho.

Vita havikuishia hapo. Ndege za Mengistu, mtawala wa Ethiopia, ziliendelea kuupiga mji kwa mabomu, na Asmara haikukombolewa hadi 24 Mei 1991. Ila, bandari ikiwa imetekwa, jeshi la Ethiopia lililokuwa Asmara lilibaki kulishwa kwa ndege tu, na ndege haiwezi kubeba mafuta na makombora kama meli. Wengine huuliza, mbona Ethiopia ilikuwa bado na bandari ya Assab? Assab iko mbali kusini, na barabara yake inaelekea Addis Ababa, si Asmara.