Binti Yangu Alinirekodi kwa Siri: Vipindi vya Kubadilisha Mwonekano na Watoto Wetu

Video hiyo niliikuta kwenye simu yangu nikiwa natafuta picha nyingine kabisa. Ndani yake nilikuwa mimi: nimepiga magoti nafuta chini ya meza, nimevaa gauni langu la kushindia lililopauka mabegani, nywele sijazigusa tangu asubuhi. Kamera inanisogelea kwa nyuma, polepole. Kisha nasikia sauti ya binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, ananong'ona: “Mwoneni alivyovaa. Huyu lazima tumsaidie.” Kaka yake anacheka, video inakatika.

Sikumgombeza. Nilibaki nimekaa kitandani nikaitazama mara tatu, maana nilijua fika ilikotoka. Ule mwendo wa kamera, ule mnong'ono, hata neno “tumsaidie”, vyote alivipata kwenye kochi letu, mimi nikiwa katikati yao nimeshika rimoti.

Kipindi chenyewe kilikuwa What Not to Wear cha Marekani, kilichorushwa na kituo cha runinga cha TLC kuanzia 2003 hadi 2013. Kabla yake BBC ya Uingereza ilikuwa na cha kwake chenye jina hilohilo tangu 2001. Sisi tulikuwa tunaangalia marudio. Utaratibu wake ni uleule: ndugu au marafiki wanapeleka jina la mtu bila yeye kujua, anarekodiwa kwa siri akiwa kwenye shughuli zake, halafu siku moja watangazaji wanamvamia, na waliompeleka wapo wanatazama. Anaahidiwa dola 5,000 za kununua nguo mpya, kwa sharti kwamba asalimishe zile za zamani. Anaingizwa kwenye chumba cha vioo kila upande, aone mgongo, makalio na tumbo lake vinavyoonekana na wengine. Mwishoni anarudi kwao amependeza, na watu wanamkumbatia.

Nami nilikipenda, tena sana. Nilijifunza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kunifundisha: kwamba mshono wa bega ukikaa mahali pake nguo nzima inatulia mwilini, kwamba suruali inayopwaya kiunoni hupelekwa kwa fundi ikapunguzwa, haikazwi kwa mkanda, kwamba sidiria isiyo saizi yako huharibu hata gauni la bei kubwa. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mtoto asivione vipindi hivi kabisa.

Tatizo ni kwamba wazazi wengi tunakagua kitu kimoja tu: je, kuna watu uchi? Hata mifumo rasmi hukagua hivyo. Marekani ina alama za vipindi vya runinga tangu 1997: V kwa ukatili, S kwa ngono, L kwa lugha chafu, D kwa mazungumzo yenye kudokeza ngono. Uingereza wameweka mpaka wa saa 3 usiku, kabla ya hapo vituo vya kawaida visirushe yasiyofaa watoto. Hakuna herufi ya kumwonya mzazi kwamba hapa mtu mzima atasimangwa umbo lake mpaka alie, na waliomleta ni watu wa nyumbani kwake.

Ukitaka kuona jinsi kipimo cha uchi kinavyotupoteza, chukua How to Look Good Naked (“Namna ya Kupendeza Ukiwa Uchi”) cha mshauri wa mavazi Gok Wan, kilichoanza kwenye kituo cha Uingereza cha Channel 4 mwaka 2006. Jina lenyewe linamfanya mzazi akimbilie rimoti, na kweli wanawake wanavua nguo, kwa hiyo kwa mtoto wa miaka tisa nisingekiwasha. Lakini tazama mwanamke anavyotendewa humo. Kuna zoezi anapangiwa mstari wa wanawake, kuanzia mwembamba hadi mnene wa nyonga, aseme yeye anaingia wapi. Mara nyingi anajiweka kwa wanene zaidi kuliko alivyo. Baadaye anapimwa, anaona kwamba macho yake mwenyewe yamekuwa yakimdanganya. Hakuna kisu cha daktari, hakuna kuambiwa apungue kwanza. Amevaa kidogo kuliko yule wa chumba cha vioo, na ameheshimiwa kuliko yeye.

Upande wa pili kuna The Swan, cha kituo cha Marekani cha Fox, 2004. Wanawake walifanyiwa upasuaji wa urembo, wakakaa miezi kama mitatu bila kuruhusiwa kujiona kwenye kioo, kisha wakashindanishwa kwenye taji la urembo. Hiki sikiweki mbele ya mtoto wa umri wowote nikiwa naye sebuleni, hata kama nimejiandaa kumweleza. Mtu anakatwa, anapona, na baada ya yote hayo bado anaambiwa hajamfikia mwenzake. Sina namna ya kumwelezea hilo msichana anayeanza kubadilika mwili akabaki salama.

Kwa hiyo mimi ninapima dakika kumi za mwanzo, na huwa nazitazama peke yangu kwanza. Nasikiliza mtu anaitwaje kabla hajabadilishwa. Je, anayezungumza naye anamuuliza maisha yake yakoje, kazi yake inamtaka avae nini, anapenda rangi gani? Au wanazungumza kumhusu, yeye akiwa amesimama hapohapo? Kipindi kinachoanza kwa kumuumbua mtu ili baadaye kimpende, nakizima. Mtoto hakumbuki zile dakika tano za kukumbatiana mwishoni. Binti yangu hakuigiza kukumbatiana. Aliigiza kuvizia.

Jambo jingine lililotusaidia ni picha mbili. Jumamosi moja nilimwomba kijana wangu, wakati huo ana miaka kumi na tatu, anipige picha nikiwa nimevaa gauni lilelile. Ya kwanza chini ya taa ya dari, mabega nimeyalegeza, uso nimeukunja, simu ameishika chini. Ya pili karibu na dirisha, nimesimama wima, nimechana nywele, nimetabasamu, simu iko usawa wa macho. Tulizipanga pamoja kwenye kioo cha simu. Alinyamaza kidogo, akasema, “Mama, kumbe hawajabadilisha nguo tu.” Tangu siku hiyo ndiye wa kwanza kuona taa zilipobadilika, wapi wameweka viatu virefu, wapi picha ya “kabla” imepigwa mtu akiwa amefumba jicho nusu. Jaribu nyumbani kwako, haichukui robo saa.

Na wavulana tusiwasahau. Tunadhani vipindi hivi ni vya mama na binti, mvulana yeye anapita tu akielekea jikoni. Wangu alikuwa anapita, na alikuwa anasikia. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwenye simu kwamba msichana fulani wa darasani kwao “umbo lake linataka mistari ya wima”. Ni maneno ya mtangazaji, neno kwa neno. Hilo lilinichoma kuliko ile video, na tulilizungumza jioni ileile, mlango umefungwa, bila dada yake.

Tukaweka sharti moja la sebuleni: nguo ijadiliwe, mwili usijadiliwe. Unaweza kusema koti limembana. Huwezi kusema mikono yake minene. Sharti hilo linanibana mimi zaidi kuliko wao. Nilikuwa na mazoea ya kushika tumbo langu nikisema “mwoneni mama yenu”, na sasa mdogo kuliko wote hunikatiza kabla sijamaliza.

Siku hizi tunachoangalia zaidi ni The Great British Sewing Bee, mashindano ya kushona ya BBC yaliyoanza 2013. Kila kipindi kina sehemu ya kubadilisha nguo kuukuu iwe kitu kingine. Kinachovuliwa, kukatwa na kukosolewa ni kitambaa, na fundi akikosea anaonyeshwa mshono.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na nne na anajifunza cherehani. Wiki iliyopita alikuja na lile gauni langu la kushindia mkononi, akaniuliza kama anaweza kulifumua aone mkono unavyopachikwa kwenye bega. Nikamkubalia. Mkono mmoja ameshautoa, uko mezani na pini zake. Wa pili anasema hataugusa mpaka aelewe wa kwanza ulishonwaje.