Ukikutana na "livid", usikimbilie hasira

Msomaji mmoja anayeanza kazi ya tafsiri ameniandikia: "Dada, 'livid' si ni kukasirika sana tu? Asili ya neno ya nini, na mteja anataka kazi kesho?" Namjibu hapa, maana mko wengi mnaotaka kuishi kwa kalamu hii.

Ni kweli, leo Mwingereza akisema bosi wake yuko livid, bosi amefura, hasemeshwi. Lakini maana hiyo ni changa, imeshika mizizi karne ya 20. Neno liliingia katika Kiingereza karne ya 15 kutoka Kilatini, lividus, kupitia Kifaransa, nalo lilitaja rangi: buluu yenye kijivu, rangi ya ngozi iliyovilia damu. Warumi waliwaita hivyo hata wenye husuda. Wanaochunguza maiti bado wanasema livor mortis, yale mabaka yanayotokea damu inapotuama upande wa chini wa mwili. Baadaye watu wakazoea kusema mtu yuko "livid with rage", kwamba amebadilika rangi kwa ghadhabu. Rangi ikasahaulika, ghadhabu ikabaki.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Nilipewa hadithi ya karne ya 19 niitafsiri. Mhusika anamkuta ndugu yake kitandani, uso wake livid. Niliandika kwamba uso umesawijika, umeingia rangi ya maiti. Mhariri akafuta, akaweka "uso umemwiva kwa hasira". Mgonjwa mwenyewe anakata roho aya mbili mbele! Nilimwandikia mhariri hoja zangu zote kwa adabu. Sikujibiwa, na kazi nyingine sikupewa. Kitabu kilitoka na sentensi ile, jina langu likiwa ndani kama mfasiri. Inaniuma mpaka leo, na sitaki iwapate ninyi.

Mwezi uliopita mchapishaji mwingine alinipa kurasa za majaribio, kisha akanikabidhi riwaya nzima. Alichosifu ni maelezo niliyoandika pembeni kuhusu maneno yaliyobadilika maana. Nilifurahi kupita kiasi, nami sioni haya kusema nilistahili.

Kwa hiyo, wadogo zangu, kwanza tazameni mwaka wa maandishi. Katika Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley iliyotoka 1818, midomo ya Elizabeth inakuwa livid katika ndoto ya mpenzi wake Victor, na hapo inatajwa rangi ya kifo. Ukimtia Elizabeth hasira, umeua ukurasa mzima. Kisha someni kamusi mpaka maana ya mwisho, si ile ya kwanza tu. Tena nasema: mpaka ya mwisho! Acheni kulipua kazi. Mteja wa kesho atasahau kwamba uliwahi, lakini msomaji atakaa na kitabu hicho miaka.

Na hata pale ambapo ni hasira kweli, msimwage "amekasirika sana" kila mahali. Aliyewaka ghafla amehamaki. Aliyejaa kimya, mashavu yamemtuna, amefura. Ghadhabu ni nzito zaidi, ndiyo tunayomtajia hata Mwenyezi Mungu. Bosi wa ofisini mwachieni kufura au ghadhabu, kutegemea alivyofanya. Ngozi iliyopigwa, semeni imevilia damu. Na mgonjwa aliye kitandani, kabla hamjampa hasira, someni aya mbili za mbele.